Mwiritsa Kakamega: mti ukichunwa gome, unapona?

Mpendamsitu: Wadau naomba msaada. Nimepita msitu wa Kakamega nikakuta mwiritsa mkubwa (ule Wakikuyu wanaita mwiri, kisayansi Prunus africana) umechunwa gome kuzunguka shina lote, majani ya juu yashaanza kukauka. Nimeumia sana. Kuna namna ya kuuokoa?

Babu_Miche: Pole sana. Ukishachunwa mzunguko mzima mara nyingi huo ni wa kufa, maana chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kupitia gome la ndani, sasa njia imekatwa na mizizi inakufa njaa polepole. Kule Kameruni utaratibu ni kutoa robo mbili tu za mzunguko wa shina, zinazotazamana, hapo gome linaota tena.

Nyakio: Na yote ni biashara ya dawa ya tezi dume jamani, gome linauzwa hadi Ulaya. Mti uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 1995 lakini bado wanachuna usiku usiku. Mbega na ndege wanategemea matunda yake, mti mmoja ukienda wengi wanalala njaa.

Mpendamsitu: Sasa nikitaka kupanda?

Babu_Miche: Okota matunda yaliyoiva, yale ya zambarau iliyokolea, menya nyama, panda mapema, usianike juani kabisa kwa sababu mbegu ikikauka sana haioti. Kuhakikisha ndio wenyewe ponda jani ulinuse, lina harufu kama ya lozi chungu, na kikonyo chake kina wekundu.