Mrejesho: Parker 51 ya marehemu babu imeandika

Wakuu, nimerudi. Mtakumbuka niliuliza kuhusu kalamu ya wino ya marehemu babu, iliyokaa kwenye kopo la biskuti miaka na miaka hadi ikagoma kuvuta wino. Mmoja alishauri maji ya moto. Wengi mkamkatalia, mkasema maji ya kawaida na subira.

Niliilowesha kwenye glasi, nibu chini. Usiku wa kwanza, hola. Siku ya pili uzi mwembamba wa buluu ukaanza kushuka (nibu ya modeli hii imefichwa, inachungulia ncha tu), na jioni maji yote yalikuwa kama ya bluu ya kufulia. Siku ya nne nikafungua mwili, nikabonyeza kile kibati kinachokamua kifuko cha wino mara sita kama kilivyoandikwa chenyewe. Ikavuta!

Aliyesema ni ya 1941: huo ni mwaka modeli ilipotoka. Mfumo huu wa kubonyeza ulikuja 1948, kwa hiyo ya babu haitangulii hapo. Kifuko cha ndani kizima kabisa, na kuna fundi alitaka elfu hamsini akibadilishe bila hata kukiangalia.

Wino mweusi wa kuchorea nimeuacha dukani, maana ukigandia ndani ndiyo basi. Natumia wa buluu unaooshika.

Inakwaruza kidogo nikiilaza kushoto. Nadhani imezoea mkono wa babu. Orodha ya sokoni leo nimeandika nayo: nyanya, dagaa, mafuta ya taa.