Brathe yangu alikuwa mkimbiaji, sasa anataka kwenda Survivor. Aseme ama afiche?

Jirani_wa_Kasarani:
Wasee nisaidieni kabla familia ivunjike. Brathe yangu mkubwa alienda Marekani na skolashipu ya mbio, alikuwa wa mita 800, akakimbia miaka kadhaa hadi goti likamkataa, akabaki huko huko, saa hii ana uraia, ana miaka 41 na anaendesha lori. Sasa juzi kwa video kol anatuambia ametuma maombi ya Survivor, ile shoo ya CBS mnatupwa kisiwani mnalala chini na njaa, halafu kila siku mbili tatu mnapigiana kura mmoja anaenda, wa mwisho anabeba dola milioni moja. Mathe akauliza tu "kwani huko Marekani chakula imeisha?" akampea mtu mwingine simu.

Mimi niko upande wake lakini kuna kitu tunabishana. Yeye anasema wakimchukua atawaambia wazi alikuwa mwanariadha, eti watamheshimu. Mimi namwambia anyamaze, aseme ni dereva wa lori na hata si uongo. Nyinyi wenye mnafuatilia hii kitu, mwanariadha mstaafu akijulikana anafika mbali ama wanamtoa mapema?

Mutua_Donholm:
Afiche, lakini ajue kuficha pia ni kazi. Kuna jamaa anaitwa Gary Hogeboom alikuwa anacheza NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani, nafasi ya kurusha mpira, akaenda msimu wa Guatemala 2005 akajiita Gary Hawkins, kazi eti ni kutengeneza bustani za watu. Kumbe kambini kuna dada mtangazaji wa michezo redioni, Danni Boatwright, akamwangalia hivi akamjua. Na huyo dada ndiye alishinda huo msimu 😂

Halafu 2012 Philippines kukawa na Jeff Kent, nyota wa besiboli kabisa, huyo naye alikuwa anaficha na mwenzake mmoja akamjua akawa anamchezea akili tu. Akatolewa kabla hata ya nusu ya pili ichangamke. Ile siku ametolewa akaanza kulalamika kwa kamera kwamba yeye alishatengeneza kama milioni 60 kwa besiboli, na hiyo milioni moja yenyewe Obama akishachukua yake inabaki laki sita. Mimi nilicheka sana, mtu wetu anatajwa hadi kwa kisiwa kwa mambo ya ushuru.

Shiro_wa_Rongai:
Wewe Jirani unaitwa nani ukoo? Kama jina la brathe yako linaanza na Kip hapo hakuna cha kuficha. Mkenya mwembamba, miguu ndefu, anatoka upande wa Eldoret, anawaambia Wamarekani hajawahi kukimbia, nani ataamini? Watamtoa kwa uongo kabla wamtoe kwa mbio.

Jirani_wa_Kasarani:
Linaanza na Kip 😭😭

Mama_Tasha:
Kijana, mimi nitaongea kama mama. Shida si kusema ama kuficha, shida ni kudhani mbio zitamsaidia. Msimu wa Gabon 2008 kulikuwa na Crystal Cox, huyo alikuwa kwa timu ya Marekani ya kupokezana vijiti 4x400 Olimpiki ya Athens 2004, basi mimi nikajua hapa wenzake wamekwisha. Wapi. Kwa mashindano ya kambini hakutisha mtu hata kidogo (na 2010 ikatoka kwamba alikuwa ametumia dawa, akafungiwa miaka 4, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Unajua nani alishinda? Bob Crowley, mwalimu wa fizikia wa sekondari, miaka 57! Mzee wa kuchonga vitu kwa mbao, mpole, hana haraka. Pale unashindana kukaa na watu mkiwa na njaa, hakuna wa kuangalia saa yako.

Na mkimbiaji hana mafuta mwilini jamani. Zamani walikuwa wanakaa siku 39, tangu msimu wa 41 uliotoka 2021 ni siku 26, lakini hata hizo 26 kwa mtu mwembamba ni nyingi. Mwambie anenepe kwanza.

Kiprotich254:
Mama Tasha hapo kwa njaa nakataa kidogo. Mtu amekaa kambi ya mazoezi anaamka saa kumi na moja asubuhi anakimbia kilomita 20 na chai tu tumboni, huyo hatasumbuliwa na wali wa kikombe. Wenye huanguka ni wale wenye misuli mikubwa ya jimu. Hata Mo Farah alienda ile ya Waingereza ya I'm a Celebrity 2020, na huyo alizoea kufanya mazoezi Iten na kulala mapema bila raha yoyote, maisha ya kambi si kitu ngeni.

Abdi_Isiolo:
Nyinyi mnataja Gabon na Guatemala na hii kitu ilifanywa hapa kwetu 2001, Survivor: Africa, ndani ya hifadhi ya wanyama ya Shaba, Isiolo. Timu zikaitwa Samburu na Boran, zikiungana wakajiita Moto Maji 😂. Wenye mnajua Shaba mnajua jua la huko si la mchezo, ardhi yote ni miba, na hapo hakuna bahari ya kuoga wala samaki wa kuvua. Wakajenga boma la miba kama sisi, usiku wanakesha kwa zamu na moto maana simba wako, maji wanachota kwa kidimbwi kile kile ndovu wanakunywa, lazima ichemshwe. Kuna siku wakashindana kunywa damu ya ng'ombe wakawa wanakunja uso ni kama wamepewa sumu.

Kipa_wa_Umoja:
Abdi asante, nilikuwa nangoja mtu aitaje hiyo maana jibu la Jirani liko hapo. Alishinda Ethan Zohn, na huyo alikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa, KIPA, alikuwa amecheza hadi Zimbabwe na Highlanders ya Bulawayo. Mimi nimedaka ligi za mtaa miaka 11 nawaambia ukweli, kipa ako na kitu straika hana. Straika akifunga anakimbia kona watu wamwone. Kipa yuko nyuma, anaona kiwanja yote, anaongea dakika 90, anajua nani amechoka na nani amekasirika na mwenzake. Ethan hivyo ndivyo alicheza, hakuwa anajionyesha, watu walimpenda tu, mwisho kura ikawa 5 kwa 2.

Na ile pesa hakununua gari. Akasaidia kuanzisha Grassroot Soccer 2002, wanatumia mpira kufundisha vijana mambo ya ukimwi, ilianzia huko Bulawayo. Halafu 2009 akapatikana na saratani, ikarudi, akatibiwa tena, na bado 2020 akarudi kwa ule msimu wa mabingwa watupu wa dola milioni 2. Kuna mahali alikuwa anabeba magogo 20, moja moja, akaanza kuyumba madaktari wakaja. Akamaliza. Lile la mwisho wenzake wakatembea naye, na hao ni wapinzani.

Kwa hivyo aseme alikimbia, hana njia na hilo jina. Lakini aseme kama kitu ya zamani, goti lishakufa, halafu mashindano ya kwanza asimalize wa kwanza. Hata wa tatu ni mapema. Akae wa tano.

Mutua_Donholm:
Mwambie mtu wa 800 akae wa tano kwa makusudi uone 😂 si afadhali umwambie asipumue

Jirani_wa_Kasarani:
Hapo ndipo kuna shida kabisa, huyu tukicheza kadi Krismasi hawezi kubali kushindwa na mtoto wa miaka 9. Nimemtumia hii yote, amesoma, amejibu "goti lishakufa nani" tu.

Mathe naye nimemsomea ile ya Abdi ya damu ya ng'ombe. Ameniuliza hiyo si chakula tu, na wao umri mwisho ni ngapi.