Naomba ushauri: ninunue PS5 yenye diski au isiyo na diski?

Mwanzisha mada: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimejipanga kununua PS5, mashine ya Sony ya kuchezea gemu, mwisho wa mwezi, na muuzaji wangu wa Kariakoo ananishawishi nichukue ile isiyo na kisomeo cha diski kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kinachonitia wasiwasi ni biashara inayofuata baada ya hapo. Gemu ya diski nikiimaliza naiuza au nabadilishana na mwenzangu, lakini niliyoipakua imefungwa kwenye akaunti, haiuziki wala haiazimiki, na duka ni moja tu linalopanga bei litakavyo. Tena wengi wetu huku tunatumia akaunti zilizosajiliwa kwa nchi nyingine, kwa hiyo akaunti ikifungwa, gemu zote zimekwenda nayo. Je, nikiongeza fedha nikachukua yenye diski, nitakuwa nimejikinga kweli?

Mdau wa Tanga: Ongeza fedha, ndugu yangu, kwani tofauti hiyo utairudisha kwa kununua diski zilizotumika. Kama mfuko haukuruhusu sasa, tafuta toleo jembamba lililotoka mwishoni mwa 2023, ambalo unaweza kulipachika kisomeo baadaye. Uwe na bando siku hiyo, maana kisomeo hicho lazima kisajiliwe kwanza kupitia intaneti.

Mchezaji Mkongwe: Nakubaliana na mwenzangu, ila diski pekee isikupe usingizi. Gemu ya vita ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilipotoka kwa PS5, diski yake ilikuwa na megabaiti zipatazo 70 tu, na gemu yenyewe ikabidi ishushwe mtandaoni. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilizimiwa seva, yaani kompyuta za kampuni zilizokuwa zikiiendesha mtandaoni, tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa haikuweza kuchezwa bila seva, hata aliyekuwa na diski halali mkononi alibaki na plastiki, ingawa sehemu kubwa ya gemu hiyo mtu angeweza kuicheza peke yake. Huo kwangu ni uonevu, kwa sababu mnunuzi hakuambiwa siku analipa kwamba anakodi. Kutokana na kisa hicho Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games ya kutaka gemu zilizouzwa ziendelee kuchezeka, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni moja. Huko California, tangu Januari 2025, sheria inalidai duka la mtandaoni limweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu. Sisi hatujafika huko, kwa hiyo kabla hujatoa fedha, uliza kwanza kama gemu inachezeka bila intaneti.

Mama wa Wachezaji Wawili: Mimi naongezea jambo moja kwa sababu nyumbani kwangu linaumiza. Kwenye gemu za mpira za kampuni ya EA, pakiti za wachezaji wa Ultimate Team, sehemu ya gemu ambapo mtu hujijengea kikosi chake, zinauzwa bila mtoto kujua atapata nani, na ndiyo maana Ubelgiji iliziita kamari mwaka 2018 na EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo Januari 2019. Ukinunua diski ya mpira, usiweke fedha kwenye akaunti kwa ajili ya pakiti hizo, kwani toleo la mwaka unaofuata likitoka, kikosi ulichokilipia hakiendi nawe.