"Kazi nzuri, nani kakusaidia?" Hii ni sifa au tusi?

Wadau habari za kazi. Naleta hili tulijadili maana limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita na kila ninayemwambia anasema najishtukia.

Tulikuwa kwenye kikao, nawasilisha ripoti ya bajeti ya robo mwaka niliyoiandaa mwenyewe, siku tatu mfululizo nalala saa nane usiku. Bosi akawa anafunua kurasa taratibu, kafika jedwali la sita akaligonga na mfuniko wa kalamu, akatabasamu, "Kazi nzuri sana, nani kakusaidia?" Watu wakacheka na mi nikacheka, nikasema asante. Ukisoma muhtasari wa kikao utakuta nimepongezwa, ila waliokuwemo mle ndani wote walielewa nimeambiwa nini.

Na siyo hiyo tu. Kuna "umejitahidi", kwa mtoto aliyetoka wa ishirini darasani ni neno la kutia moyo lakini kwa mhasibu wa miaka tisa maana yake uwezo wako ndo umeishia hapo. Kuna "kama nilivyoeleza kwenye imeili yangu ya awali", halafu mkurugenzi kawekwa kopi. "Kumbe na wewe unaweza!" Na ile ya "haya, mrembo wetu atusomee takwimu", hii naichukia kuliko zote, dada wa watu kaandaa kazi yake na kabla hajafungua mdomo keshapunguzwa, na akinuna ataambiwa si umesifiwa?

Wanaotetea wanasema Waswahili ni watu wa mafumbo, vijembe viko kwenye kanga na taarabu tangu enzi za bibi zetu, na ukimwambia mtu "umekosea" waziwazi mbele za watu umemvunjia heshima. Hilo la mbele za watu nakubali, basi niite pembeni uniambie. Lakini hilo la kanga hapana. Jirani akikuvalia kanga yenye jina la kukusema na wewe unaenda dukani, unachambua mpaka unapata ya kumjibu, unapita nayo mlangoni kwake asubuhi, ngoma droo. Ofisini bosi namjibu kwa kanga gani wakati yeye ndo anajaza tathmini yangu? Huko ni kupigwa umefungwa mikono.

Serikalini Tanzania mwaka 2004 waliachana na ripoti za siri za kumpima mtumishi wakaleta OPRAS, tathmini ya wazi, mkuu na mtumishi walikuwa wanakaa wanazungumza kazi imeendaje. Ripoti ya siri ilikuwa inakuhukumu bila kujua kosa lako ni nini, na kijembe ndo hivyo hivyo, yaani mpaka leo sijui jedwali la sita lilikuwa na kosa au lilikuwa zuri kuliko alivyonitegemea. Nimelirudia mara nne, hesabu zinakubali. Kama kuna kosa si angesema tu nirekebishe kabla ripoti haijaenda juu?

Sasa nauliza, hasa nyie mnaosimamia watu: ningemwambia pale pale, kwa sauti ya kawaida tu, "nimeiandaa mwenyewe", ningekuwa nimekosa adabu?