Tupeane uzoefu: lini ulimtanguliza mwenzako na ikakuuma kweli?

Mama Kwaya, Gungu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili tumesoma Wafilipi 2, pale Paulo anaposema kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe, aangalie na ya wengine. Nimerudi nyumbani najiuliza, mimi hilo nimelifanya lini? Sizungumzii kugawa gauni lililonibana. Naanza.

2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nilikuwa na gunia moja na nusu la dagaa wa Kibirizi, nimewaweka nangoja bei. Bei ikapanda kweli, na hesabu yangu ilikuwa bati. Akaja jirani anayeuza mafungu pale Mwanga: "Dada, nipimie kwa bei ya zamani, nitakulipa nikiuza." Mume kavuka kwenda Kalemie, Kongo, hajarudi, watoto watatu. Nikachukua debe, nikajaza, kisha kiganja kikapita juu kusawazisha kama nampimia mteja yeyote. Nikaona aibu. Nikarudishia mpaka likafanya kichuguu.

Nusu ya hela alileta. Nusu nyingine hadi leo sijaiona. Namsalimia vizuri tu, ila mvua ikinyesha nakinga ndoo tatu sebuleni na moyo unaongea peke yake. Karibuni.

Mzee wa Daraja la Tatu, Tabora
Hahaa, pole mama. Mimi nilipanda treni Tabora kwenda Kigoma, nina tiketi ya kiti kabisa. Mama mmoja mwenye mapacha kakaa chini kwenye njia, nikampisha. Urambo nimesimama, Kaliua nimesimama, najiona mtakatifu. Kufika Uvinza akainuka kununua chumvi dirishani, jamaa mwingine akakaa. Nilimfokea yule bwana behewa zima likanyamaza! Kugombea kiti nilichokwisha kukitoa. Yule mama akaniangalia, akasema, "Baba, kwani ulikuwa umeniazima?"

Wifi Mtu, Ujiji
Mimi nilimwachia wifi chumba miezi saba. Siandiki zaidi, yumo humu.

Binti wa Mzee wa Kanisa, Kasulu
Samahani, mimi nina upande mwingine. Baba yangu sifa zake zimejaa usharika mzima, hakuna mgeni aliyetoka kwetu na njaa. Lakini jogoo alikuwa wa mama. Aliyeamka usiku kuwasha kuni ni mama. Sisi watoto tulipata miguu, kichwa na mchuzi, na tukaambiwa tushukuru. Baba alitanguliza watu kwa mikono ya mama, na sikumbuki hata siku moja akimuuliza.

Mnapenda kumtaja mjane wa Sarepta, yule aliyempikia nabii Eliya unga wake wa mwisho. Someni vizuri: unga ulikuwa wake, na Eliya alimwomba yeye mwenyewe. Hakuna mwanaume aliyeingia jikoni kwake kuutoa akiwa hayupo. Na huyohuyo Paulo amemwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani.

Mzee wa Daraja la Tatu, Tabora
Binti, hapo umenishika. Mke wangu kasoma, anacheka peke yake. Sijui anacheka nini.

Muuguzi Mstaafu, Kasulu
Nimefanya kazi Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi iliyoanza 1996. Siku moja mama mmoja wa Kikongo alifiwa na mtoto, na mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa. Nilikwenda na elfu kumi mfukoni, njia nzima nawaza nitoe yote au nibakize ya nauli. Nikakuta beseni mlangoni. Wanawake wanapita mmojammoja, kila mtu na kikombe chake cha maharage, anamimina, anaingia kulia na mwenzake. Mmoja alimimina, akatazama ndani ya kikombe, akakigonga kitako zile mbili tatu zilizoganda nazo zidondoke. Wale walikuwa na mgao uleule uliopunguzwa. Nilitoa elfu kumi. Kurudi nilipewa lifti, kwa hiyo hata uchungu wa kutembea sikuupata.

Mama Kwaya, Gungu
Binti, umenikosesha raha. Bati zile zilikuwa za watoto pia, na kweli sikuwauliza. Nimemuuliza mkubwa sasa hivi. Anasema anachokumbuka ni kwamba nilimbebesha lile debe hadi kwa jirani, na lilikuwa zito, limejaa mno, dagaa wakamwagikia shingoni.

Endeleeni, narudi baada ya mazoezi.