Gazeti la Kiongozi la hapa Tanga, lilikuwa linachapishwa jengo gani?

MtotoWaChumbageni
Wadau wa Tanga naombeni msaada. Tulikuwa barazani pale Ngamiani stori zikafika kwenye magazeti, mzee mmoja akasema enzi za Mjerumani mji huu ulikuwa na gazeti la Kiswahili linaitwa Kiongozi na lilikuwa linasomwa mpaka bara huko. Basi kila mtu akataja jengo lake, huyu anasema Boma la zamani, yule anasema zile nyumba kuukuu za upande wa bandarini, hatukuelewana. Hivi ofisi zake zilikuwa wapi hasa? Na jengo lenyewe limelindwa au ndo linasubiri kuvunjwa zijengwe fremu?

BintiMakorora
Kaka hamlioni kwa sababu mnatafuta ofisi ya gazeti. Kiongozi lilikuwa linatoka ndani ya shule ya serikali, hiyo Tanga School iliyoanza miaka ya 1890. Pale walikuwa wanasomeshwa makarani, walimu na maakida (watawala wadogo wa serikali ya Mjerumani), na upande wa ufundi kuna useremala na kupiga chapa, kwa hiyo matbaa, yaani mahali pa kuchapia, ilikuwa darasa na gazeti ndo kazi ya wanafunzi. Na kupiga chapa wakati ule usifikirie kubonyeza kitufe, kila herufi ni kijipande cha madini ya risasi unakiokota kwenye kisanduku kimoja kimoja, unazipanga kinyumenyume ili karatasi ikilaliwa isomeke sawa, ukikosea neno unafumua mstari. Ukurasa mzima hivyo hivyo, kwa mikono ya vijana wa huku huku kwetu! Halafu leo mtoto anamaliza form four Tanga hajawahi kulisikia hilo gazeti, inauma sana.

MzeeWaMwambao
Mwanangu kasema vizuri. Ila msilichanganye na Usambara-Post, nalo lilitoka hapa hapa Tanga lakini lile la walowezi, Kijerumani kitupu. Na pale Magila, Muheza, wamisheni wa UMCA, wale Waanglikana, walikuwa na matbaa yao wakitoa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890, yaani mkoa huu ulikuwa unachapa Kiswahili zamani sana, Mambo Leo ya Dar imeanza 1923.
Kiongozi lilikuwa la serikali ya kikoloni, hilo lisemwe, na sifa za Kaisari zilikuwamo. Lakini mle mle walimu na makarani waliotawanywa bara walikuwa wanatuma habari za huko waliko, barua, na mashairi, mtu yuko mbali na kwao anaandika na watu wa pwani wanamsoma. Wazee wetu walizoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, shule ile na gazeti lake ndo vilisukuma sana hizi mnazochapia kwenye simu. Likafa 1916, mwaka ambao Waingereza waliingia mjini.

MtotoWaChumbageni
Shikamoo mzee, ahsante sana. Na wewe dada. Na kuhusu kulindwa?

Jirani_wa_Raskazone
Hapo kuna tatizo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, sasa Mjerumani kaja baada ya hapo, kwa hiyo jengo lake lolote mpaka waziri alitangaze rasmi ndo linakuwa na kinga. Lisipotangazwa mtu anaweza kung'oa milango na madirisha akaweka alumini na usiwe na pa kumshtaki. Kwa maoni yangu shule ambayo gazeti limechapiwa inastahili kuliko majumba mengi ya watawala, maana hapo waliofanya kazi ni watu wetu. Anzia kwa wale watu wa kituo cha Urithi pale Boma, lile lenyewe jengo la Mjerumani limekarabatiwa likawa makumbusho na wana picha nyingi za Tanga ya zamani, waeleze tuandike barua kwa pamoja.

MtotoWaChumbageni
Nakwenda wiki hii na yule mzee wa barazani. Mwenye ukurasa wowote wa Kiongozi kwenye masanduku ya babu zake apige picha autume tafadhali, hata kama umeliwa na mchwa.