Platini au moduli kwenye Land Rover 109 ya petroli: ipi inafaa kwa njia za huku juu?

Viazi_Isyonje
Wakuu, habari za kazi. Ninayo pikapu ya Land Rover 109, injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo huteremsha viazi kutoka Isyonje hadi Uyole, Mbeya. Tangu baridi ya Juni ilipoanza, kila asubuhi stata inazungusha lakini injini haishiki mpaka gari lisukumwe, na likishawaka linamisi kila linapopanda na mzigo. Kwa miezi mitatu nimebadilisha platini (vile vigusano vinavyokata umeme wa koili ili cheche itoke) mara mbili na kondensa (inayozuia platini zisiungue) mara moja. Fundi mmoja ananishauri nifunge moduli ndogo ya kielektroniki inayokaa ndani ya distributa, ile inayogawa cheche kwa plagi, mahali pa platini, na mwingine anasema ninunue distributa nzima yenye moduli yake. Naomba mnilinganishie kabla sijatoa pesa.

MbaoMafinga
Mkuu, mimi nimetumia ile moduli ya ndani kwa miaka miwili kwenye 109 kama yako, na sijutii. Kuna pete ya sumaku inayovaliwa kwenye shafti chini ya rota, na kila sumaku inapopita mbele ya moduli, moduli hukata umeme wa koili kama platini zilivyokuwa zikikata, isipokuwa hakuna kinachogusana wala kulika. Kwa sababu hiyo taimingi, yaani wakati wa kutoka cheche, haihami. Kwenye platini, kile kisigino kinachosugua kemu huisha kidogo kidogo, nafasi inapungua, na cheche inachelewa bila mwenye gari kujua. Anaona tu kwamba gari limekuwa zito mlimani.

Ubaya wake ni kwamba ikifa haitoi taarifa. Yangu ilikufa karibu na Makambako baada ya mimi mwenyewe kuacha ufunguo umewashwa huku injini imezimwa, nikisikiliza redio kwa karibu saa nzima, na moduli pamoja na koili vikapata joto lisilo la kawaida. Tangu siku hiyo ninabeba bamba la akiba lenye platini na kondensa vilivyokwisha kupimwa, nalo hurudishwa kwa bisibisi ndani ya nusu saa.

MzeeWaPlatini (Tukuyu)
Vijana mnakimbilia vitu vipya kabla ya kuuliza kwa nini vya zamani vimekufa. Platini iliyowekwa kwa filageji (visahani vya kupimia nafasi) kwenye nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, ikapakwa grisi kidogo kwenye kemu, haiwezi kuungua ndani ya mwezi mmoja na nusu. Ikiungua hivyo, mshukiwa wa kwanza ni kondensa, na kondensa nyingi zinazouzwa siku hizi ni mbovu zikiwa bado ndani ya boksi. Ndugu yangu amebadilisha moja tu. Mimi ningejaribu ya pili kutoka duka jingine.

Ipo pia njia ya katikati ambayo hamjaitaja: kisanduku cha transista kinachofungwa nje ya distributa, kikaachiwa kazi ya kukata umeme wa koili, na platini zikabaki kuwa swichi ya kukipa taarifa tu. Koili ya omu 3 huvuta takriban ampea 4 kwenye volti 12, na mzigo huo ndio unaochoma platini. Kisanduku kikiubeba, platini hudumu muda mrefu sana. Kikifa barabarani, unahamisha waya na kurejesha kondensa kazini, kisha unaendelea na safari. Ila platini ziwe safi, kwa kuwa umeme mdogo hauna nguvu ya kuunguza mafuta yaliyozigusa.

DadaNjombe
Mimi nilikwenda kwenye distributa nzima kwa sababu bushi (zinazoshika shafti) za ile ya zamani zilikuwa zimelika hadi shafti ikawa inacheza kwa mkono. Hapo platini haziwezi kukaa kwenye nafasi moja hata uziweke mara kumi. Faida niliiona mara moja: injini ilitulia kwenye mwendo wa chini. Hata hivyo, vyuma vya uzito na springi vya ndani vinavyosogeza taimingi mbele havikulingana na injini yangu, na nikipanda na mzigo injini ikawa inagonga. Ilinibidi nirudishe taimingi nyuma kuliko kawaida, na nguvu nyingine ikapotelea hapo. Anayenunua distributa nzima aulize kwanza ilitengenezwa kwa injini ipi. Kuingia kwenye tundu si kulingana.

FundiUmeme_Mwanjelwa
Ndugu wa Isyonje, umetaja jambo ambalo wote wamelipita: gari haliwaki kwa stata, lakini linawaka likisukumwa. Maana yake ni kwamba stata inapovuta umeme, koili inabakiwa na volti chache mno. Ukifunga moduli kwenye hali hiyo utakuwa umeongeza tatizo, kwa kuwa platini hufanya kazi hata kwa umeme dhaifu, ilhali moduli nyingi volti zikishuka sana hunyamaza kabisa.

Pima hivi. Zungusha injini hadi platini zifunge, washa ufunguo, kisha pima betri, na baada yake pima chanya ya koili, yaani upande wa waya mweupe. Ni lazima platini ziwe zimefunga. Zikiwa wazi hakuna umeme unaotembea, na mita itakuonyesha volti kamili hata kama waya umeoza. Tofauti ikizidi nusu volti, swichi au viungio vimechoka. Rudia kipimo mtu mwingine akipiga stata.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa moja kwa moja kutoka betri. Waya mweupe wa zamani uingie pini ya 86, 85 iende ethi (bodi ya gari), 30 itoke betri kupitia fyuzi, na 87 iende chanya ya koili. Ukishafika hapo unaweza kufunga moduli bila wasiwasi: waya wake mwekundu kwenye chanya ya koili, mweusi kwenye hasi ya koili, kondensa ya ndani iondolewe, bamba la distributa lipate ethi safi, na taimingi iwekwe upya kwa taa. Hakikisha kwanza kwamba hasi ya betri ndiyo iliyo kwenye bodi, maana Land Rover za zamani zaidi zilikuwa na chanya kwenye bodi, na moduli iliyofungwa kinyume inaweza kufa mara ufunguo unapowashwa.

Likikuzimikia njiani, funga taa ya testa kati ya hasi ya koili na ethi, kisha piga stata. Taa ikipepesa na bado hakuna cheche, tafuta kwenye koili, waya wa kati, kofia au rota. Isipopepesa wakati chanya ina umeme, mara nyingi kosa liko kwenye platini au moduli. Kipimo hiki ni kilekile kwa zote mbili.

Viazi_Isyonje
Nimerudi na majibu. Betri ilisoma volti 12.4 na koili 10.1, platini zikiwa zimefunga. Stata ilipopigwa, koili ilishuka chini ya volti 7. Nyuma ya swichi ya ufunguo kulikuwa na kiungio kilichoungua hadi plastiki ikayeyuka. Nimefunga rilei, sasa koili inapata 12.1, na leo asubuhi kukiwa na umande mweupe majanini gari limewaka kwa mara ya kwanza, bado likiwa na platini zilezile.

Kumisi kumepungua ila hakujaisha, na nikiishika shafti ya distributa inacheza kidogo, kama alivyosema dada wa Njombe. Nitabadilisha bushi kwanza, nijaribu kondensa ya pili kama mzee alivyoagiza, kisha nifunge moduli ya ndani na kubeba bamba la platini chini ya kiti. Mzee wa Tukuyu, ndaga fijo (asante sana).

MzeeWaPlatini (Tukuyu)
Kondensa uipime kabla ya kuilipia.